Mbao imepakwa mafuta na bado inanata: mwongozo kamili wa kulinda mbao kwa mafuta ya mimea

Maswali yanayonifikia kuhusu mafuta ya mbao yanafanana mno. "Fundi, meza nimeipaka wiki mbili zilizopita, bado inanata." "Mlango umeota madoa meusi." "Stuli inanuka kama chipsi za juzi." Ukichimba chini unakuta makosa mawili tu. Ama mafuta yaliyotumika si ya aina inayokauka, ama yanakauka lakini mpakaji hakuyafuta.

Neno "kupaka" lenyewe limetuponza. Katika kazi hii brashi inamaliza zamu yake kwa dakika kumi, kisha tambara linafanya kazi iliyobaki. Mafuta yanayolinda mbao ni yale yaliyoingia ndani. Yaliyobaki juu ndiyo yanayokuletea maswali.

Mwongozo huu ni wa meza, stuli, kabati, ubao wa kukatia mboga na mlango. Usome wote kabla hujafungua kopo, hasa hatua ya 6, kwa sababu hapo ndipo nyumba zinapoungua.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Mafuta ya kitani, lita 1. Madukani wengi wanayajua kwa jina la linsidi. Lita moja inatosha mlango wa kawaida pande zote mbili, mikono mitatu (yaani kupaka mara tatu), na chenji inabaki.
- Tapentaini, robo lita. Si lazima. Ile ya asili hutokana na utomvu wa msonobari; nyingi inayouzwa kwa jina hilo ni zao la petroli. Kama unataka kazi yako iwe ya mimea mwanzo mwisho, soma kopo kabla hujalipa.
- Msasa namba 80, 120, 180 na 220.
- Matambara ya pamba yasiyopungua kumi: fulana kuukuu, shuka, kanga iliyochakaa. Nailoni haifai, inasukuma mafuta huku na huku bila kuyanyonya.
- Ndoo ya maji na kamba ya kuanikia. Usianze bila hivi viwili.
- Brashi ya inchi 2, glavu, barakoa ya vumbi, na kipande cha kioo cha ukubwa wa kiganja.
- Nta ya nyuki, gramu 50, ukitaka mng'aro wa mwisho.

## Mafuta gani yanakauka na yapi hayakauki

Maji hukauka kwa kuondoka. Mafuta ya kitani hayaendi popote: yanavuta oksijeni kutoka hewani, molekuli zake zinashikana mkono, na kimiminika kinageuka utando mgumu. Ndiyo maana yakikauka uzito wake unaongezeka badala ya kupungua. Hii pia ndiyo sababu hayakauki ndani ya kopo lililofungwa, wala chini ya tabaka nene.

Si kila mafuta yana uwezo huo. Wanakemia huupima kwa namba ya iodini: kadiri inavyokuwa kubwa, ndivyo mafuta yanavyokuwa mepesi kushikana. Kitani kiko kati ya 170 na 200. Tung, mafuta ya njugu za mti wa Kichina, yako kwenye 160 hadi 175. Alizeti iko karibu na 120 hadi 140, ufuta chini kidogo ya hapo, nyonyo kama 85, mawese kama 50, na nazi haifiki hata 12.

Sasa unaona kwa nini mafuta ya nazi hayatakauka kamwe, hata ukiyaombea dua. Wala ya nyonyo, ya mawese, ya karanga au ya mwarobaini. Yatakaa ndani ya mbao yakiwa majimaji, yatakusanya vumbi, na baada ya miezi yataanza kuchacha. Nilijifunza hili kwa aibu: nilipokuwa naanza kazi nilipaka stuli za mninga mafuta ya nazi, zikapendeza kweli kweli, mpaka mgeni wetu alipoinuka na duara la kahawia kwenye kanzu yake nyeupe.

Alizeti ndiyo inayowadanganya wengi, kwa sababu iko katikati. Inaanza kukauka, inafika nusu ya safari, inakuwa kama gundi, halafu inabaki hapo. Tena ile ya jikoni mara nyingi imeongezewa vizuia uchachu, na kinachozuia mafuta yasichache ndicho hicho hicho kinachoyazuia yasikauke. Kaangia samaki.

### Mbichi au iliyochemshwa?

Linsidi mbichi ni mafuta yaliyokamuliwa tu. Mkono mmoja mwembamba unaweza kuchukua wiki moja hadi mbili kukauka, na wakati wa mvua zaidi ya hapo. Ile inayoitwa iliyochemshwa, licha ya jina, kwa kawaida haijachemshwa: imetiwa chumvi za metali kama kobalti au manganizi zinazoharakisha ukaukaji hadi siku moja mpaka tatu.

Kwa mlango, meza na kabati, chukua iliyochemshwa. Kwa ubao wa kukatia, mwiko, upawa au kitanda cha mtoto anayetafuna kila kitu, chukua mbichi ya kuliwa isiyo na metali, uwe na subira.

Usijaribu kuchemsha mbichi jikoni ili upate iliyochemshwa. Hutapata metali zile, utapata moto.

### Je, mafuta ya ganda la korosho?

Swali hili linatoka sana kwa wasomaji wa Mtwara na Lindi, na ni swali zuri. Kimiminika cheusi cha ganda la korosho kinakauka, kinafukuza wadudu, na viwanda hukitengenezea rangi na vanishi. Lakini kikiwa kibichi kinaunguza ngozi. Aliyewahi kubangua korosho kwa mikono mitupu anazijua alama zake. Kwa nguzo ya ua iliyo mbali na watu, ukivaa glavu nzito, sawa. Kwa kitu kitakachoshikwa au kukaliwa, hapana.

## Hatua ya 1: Jaribu mafuta kwenye kioo

Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo ingewaokoa.

Dondosha tone moja upande mmoja wa kioo, ulipake kwa kidole mpaka libaki kama mvuke. Upande wa pili dondosha matone matatu, uyaache yalivyo. Weka kioo penye hewa na mwanga, ndani ya nyumba.

Linsidi iliyochemshwa ikiwa nzima, upande mwembamba utakuwa mgumu ndani ya siku moja hadi tatu: ukikwaruza kwa ukucha unaambua ngozi, hupati mafuta. Mbichi ipe wiki mbili.

Kisha tazama upande wenye matone. Umefunga ngozi juu, umekunjamana kama uso wa maziwa yaliyopoa, na ukibonyeza ndani bado ni laini. Kopo ni lile lile na siku ni zile zile. Huo ndio ugonjwa wa meza yako, umeuona kwa ukubwa wa sarafu.

Onyo: upande mwembamba nao ukibaki unanata baada ya muda huo, mafuta ni ya zamani sana au yamechanganywa. Rudisha dukani. Usiyapake ukitumaini kwamba mbao itafanya muujiza ambao kioo kimeshindwa.

## Hatua ya 2: Hakikisha mbao imekauka

Mbao yenye maji haina nafasi ya mafuta. Ukiipaka ikiwa mbichi, mafuta yanakaa juu na unyevu unafungiwa chini, na huko ndiko madoa meusi yanakozaliwa.

Fundi mwenye kipima unyevu atafute chini ya asilimia 15, na kwa samani za ndani ya nyumba ashuke hadi 12 kama mazingira yanaruhusu. Pwani ni vigumu kushuka huko, hewa yenyewe ina maji. Asiye na kipima atumie mizani ya jikoni: kata kipande kutoka mbao ile ile, kipime, kiweke ndani ya nyumba penye hewa, kipime tena baada ya wiki. Kipande cha gramu 500 kilichopungua gramu 20 kinakwambia mbao bado inatoa maji. Kikipungua gramu moja au mbili, endelea.

Msonobari uliotoka shambani juzi, hata kama muuzaji ameapa kwamba umekauka, nimeukuta mara nyingi ukilia maji kwenye msumari wa kwanza. Pima.

## Hatua ya 3: Ondoa vya zamani, kisha piga msasa

Mafuta hayapenyi vanishi wala rangi. Kama samani ina vanishi ya zamani, ikwangue yote. Kipande cha kioo kilichovunjika bado ni kikwangulio kizuri kuliko vingi vya dukani. Kifungie kitambaa upande wa kushikia.

Utajuaje kama imetoka yote? Nyunyiza matone ya maji. Yakizama na kuacha doa jeusi kidogo, mbao iko wazi. Yakisimama kama shanga, bado kuna kitu juu.

Angalia pia gundi. Pale viungo vilipominywa gundi ikatoka na fundi akaipangusa kwa kidole, mafuta hayataingia na utapata madoa meupe. Huwezi kuyaona sasa, utayaona mafuta yakishapakwa, na hapo umechelewa. Pangusa viungo vyote kwa kitambaa chenye maji: penye gundi patabaki pameparara huku kwingine kukilowa. Piga msasa hapo.

Msasa anza na 80 kama mbao ina makovu ya randa, kisha 120, kisha 180. Fuata nyuzi za mbao, usizikate. Kwa meza malizia na 220. Kwa mlango wa nje ishia 180. Usipande juu zaidi ukifikiri unaongeza ubora, kwa sababu mbao iliyosuguliwa sana inafunga vitundu vyake na mafuta hayana pa kuingilia.

Kabla ya msasa wa mwisho, pangusa mbao kwa kitambaa chenye unyevu, iache ikauke. Nyuzi zitasimama kama vinyweleo. Zikate kwa msasa wa mwisho, hazitasimama tena ukipaka.

Onyo la mapafu: vumbi la mvule na la mkongo linawasha pua na macho, na kuna watu ngozi zao hulikataa kabisa. Vaa barakoa. Onyo la rangi: usitumie stiliwaya badala ya msasa. Chembe zake zinabaki ndani ya mbao na zikikutana na unyevu zinaacha vidoa vyeusi, hasa kwenye mkaratusi.

## Hatua ya 4: Mbao zenye mafuta yake mwenyewe

Mninga, mwembe, msonobari na mkaratusi hazina shida, pita hatua hii.

Msaji una mafuta ya asili yanayochelewesha ukaukaji. Ufute kwa kitambaa chenye tapentaini mpaka kitambaa kiache kutoka na rangi ya manjano, kisha upake ndani ya saa moja kabla mafuta yake hayajapanda tena juu.

Mpingo uache. Una kemikali ndani yake zinazozuia mafuta ya kitani kukauka, na unaweza kusubiri mwezi mzima bure. Usugue kwa msasa laini, upake nta ya nyuki peke yake, umalizie kwa kitambaa kikavu. Wachonga vinyago wengi wanatumia polishi ya viatu, nayo msingi wake ni nta, kwa hiyo wazo si geni hata kidogo.

## Hatua ya 5: Mkono wa kwanza

Chagua siku kavu na ufanye kazi asubuhi. Ukiwa Nairobi mwezi wa Julai au pwani katikati ya masika, kila muda nilioutaja hapa uzidishe kwa mbili.

Mkono wa kwanza peke yake unaweza kuupunguza makali kwa tapentaini: sehemu tatu za mafuta kwa sehemu moja. Inasaidia mafuta kuzama kwenye mbao ngumu. Kwa msonobari haina haja, unakunywa wenyewe.

Paka kwa ukarimu, kila mahali palowe. Kwenye vichwa vya mbao, yaani pale msumeno ulipokata nyuzi, rudia mara mbili au tatu, kwa sababu hapo ni kama mirija na ndipo maji ya mvua huingilia. Ukingo wa chini wa mlango hausemwi na mtu, lakini ndio unaooza kwanza. Vua mlango kwenye bawaba zake uupake huko.

Subiri dakika 15. Utaona sehemu nyingine zimekuwa kavu na nyingine bado zinang'aa. Ongeza kidogo palipokauka. Subiri dakika 15 nyingine.

Sasa futa. Chukua tambara safi, futa kwa nguvu kama unayekausha chungu. Badilisha tambara, futa tena. Ingia kwenye pembe, kwenye nakshi, kwenye nyufa za viungo, mahali mafuta yanapopenda kujificha. Kwa mlango wenye nakshi tumia brashi kavu kuyachokoa.

Mafanikio yanavyoonekana: ukipitisha kiganja kikavu kinateleza na kinatoka bila kung'aa. Mbao imekolea rangi lakini haionekani imelowa. Ukiitazama kwa ubavu kuelekea dirishani, huoni kidimbwi popote.

Usichokijua ni hiki: saa mbili tatu zijazo mbao zenye vitundu vikubwa zitatapika. Mafuta yaliyozama yanapanda tena kama vijitone vya jasho, hasa ukiiweka juani. Rudi kila saa, ufute. Ukilala bila kufuta, asubuhi utakuta chunusi ngumu ambazo dawa yake ni msasa tu.

## Hatua ya 6: Matambara, kabla hujanawa mikono

Nilisema mafuta yanavuta oksijeni. Katika kuvuta huko yanatoa joto. Kwenye meza joto linapotea hewani hata huligundui. Kwenye rundo la matambara yaliyofinyangwa kwenye pembe, joto halina pa kutokea, linajilimbikiza, linaharakisha ukaukaji unaozalisha joto zaidi, na baada ya saa kadhaa rundo linashika moto lenyewe. Bila kiberiti, bila sigara, bila umeme.

Hii si hadithi ya kutisha watoto. Tarehe 23 Februari 1991, jengo la ghorofa 38 la One Meridian Plaza mjini Philadelphia, Marekani, liliungua baada ya matambara yenye mafuta ya kitani kuachwa ghorofa ya 22 na waliokuwa wakishughulikia kuta za mbao. Moto ulipanda hadi ghorofa ya 30, na wazimamoto watatu walikufa.

Kwa hiyo:

1. Kila tambara likimaliza kazi, litumbukize kwenye ndoo ya maji hapo hapo.
2. Mwisho wa kazi, yakunjue moja moja na uyaanike nje kwenye kamba, yasigusane, mbali na ukuta wa makuti au turubai.
3. Yakishakauka na kuwa magumu kama kadibodi, hatari ya kujiwasha imeisha. Hapo ndipo yanakwenda kwenye taka.

Usiyaweke mfukoni, usiyatupe kwenye pipa la taka, usiyafunge kwenye mfuko wa plastiki kwenye buti ya gari. Vumbi la msasa lenye mafuta lina tabia hiyo hiyo. Nimeona fundi mwenye miaka ishirini kazini akiyapuuza haya, na nilimfuata mpaka akayaanika, akinitukana njia nzima.

## Hatua ya 7: Subiri, kisha mkono wa pili na wa tatu

Iliyochemshwa ipe siku mbili au tatu. Mbichi, wiki moja hadi mbili. Usipime kwa kalenda tu. Pima kwa msasa wa 220 sehemu isiyoonekana. Ukitoa unga mweupe, mafuta yamekauka. Ukitoa mabonge yanayoganda kwenye msasa, bado.

Ikiwa tayari, sugua kote kwa wepesi na msasa wa 220, futa vumbi, kisha paka mkono wa pili. Huu ni mwembamba: chovya tambara, paka, subiri dakika 10, futa mpaka tambara litoke kavu. Mkono wa tatu vivyo hivyo.

Mikono mitatu inatosha ndani ya nyumba. Mlango wa nje uongeze wa nne, na vichwa vya mbao vipake kila mara mpaka vikatae kunywa.

Ukitamani kuharakisha, weka samani penye upepo na mwanga. Hewa inayopita ndiyo dawa. Chumba kilichofungwa chenye makopo kumi kitakuumiza kichwa na mafuta yatachelewa vilevile.

## Hatua ya 8: Nta, kwa anayeitaka

Nta haiongezi ulinzi mkubwa, inaongeza raha ya kugusa. Ya Tabora ni nzuri na harufu yake inakaa siku nyingi.

Weka sehemu moja ya nta na nne za mafuta yale yale kwenye kopo, lisimamishe ndani ya sufuria ya maji ya moto. Nta inayeyuka karibu na nyuzi 63, kwa hiyo maji hayahitaji kuchemka. Usiweke kopo moja kwa moja juu ya jiko. Koroga, zima moto, acha igande iwe laini kama samli iliyopoa.

Paka kidogo sana kwa kitambaa baada ya mkono wa mwisho kukauka, subiri nusu saa, sugua kwa kitambaa kikavu. Vitambaa hivi navyo vina mafuta, rudi hatua ya 6.

Usipake nta kama unajua utaongeza mkono mwingine wa mafuta. Mafuta hayapenyi nta.

## Lini utumie?

Kukauka kwa kugusa na kukomaa si kitu kimoja. Meza unaweza kuanza kuitumia baada ya wiki moja, bila sufuria ya moto na bila kitambaa chenye maji kuachwa juu yake. Ugumu kamili unafika baada ya siku kama 30. Ubao wa kukatia, ambao uliupaka linsidi mbichi, ungoje mwezi huo wote kabla haujagusa kitunguu.

## Mlango wa nje ni kesi nyingine

Hapa niwe mkweli, maana wauzaji hawatakwambia. Mafuta matupu hayazuii jua. Mionzi inapita ndani yake kama kwenye kioo, inakula uso wa mbao, na mlango unageuka kijivu chini ya mafuta. Na linsidi mbichi ni chakula cha ukungu: kwenye hewa ya Tanga, Mombasa au Unguja inaweza kuwa nyeusi kabla ya mwaka kuisha.

Njia tatu, na mimi nina ninayoipenda.

Ya kwanza ni kutumia tung badala ya kitani. Inakataa maji vizuri zaidi na haipendwi sana na ukungu, ila ni ghali na haipatikani kila mtaa.

Ya pili ni kutia rangi ya unga. Ule unga mwekundu unaotiwa kwenye saruji ya sakafu ni oksidi ya chuma, na chembe zake zinaukinga uso wa mbao dhidi ya jua. Kijiko kimoja cha chai kwa kikombe cha linsidi iliyochemshwa, koroga sana, chuja kwa kitambaa, koroga tena kila baada ya dakika chache kwa sababu unatuama. Mninga uliopakwa hivi unaonekana kama mninga aliyeshiba. Hii ndiyo yangu.

Ya tatu ni kukubali kijivu na kupaka kila mwaka, mwishoni mwa kiangazi kabla mvua hazijaanza. Mabaharia wetu hawajawahi kuona tabu katika hilo: chombo kinapandishwa ufukweni, kinapakwa sifa, yaani mafuta ya papa, na chini shahamu na chokaa, kisha kinarudi majini mpaka zamu nyingine.

Na jambo moja linaloulizwa kila wiki: hapana, mafuta haya hayazuii mchwa. Inua mbao kutoka ardhini.

## Kama tayari inanata

Usiongeze mafuta juu. Najua mkono unawasha, lakini usiongeze.

Ikiwa ni siku chache tu, lowesha tambara kwa tapentaini, sugua mpaka unato utoke, futa kwa kavu, acha hewani wiki moja. Mara nyingi hii inatosha.

Ikiwa ni wiki au miezi na umefunga ngozi, kwangua kwa kioo mpaka ufike mbao, anza upya kutoka hatua ya 3. Msasa hautakusaidia mwanzoni, utajaa gundi kwa dakika moja.

Ikiwa ulipaka nazi au mafuta ya kupikia, habari si nzuri sana. Sugua kwa tapentaini mara kadhaa kwa siku tofauti, kila mara ukifuta, mpaka karatasi nyeupe iliyokandamizwa juu ya mbao usiku kucha itoke bila doa. Hapo tu ndipo linsidi itaingia na kukauka.

## Kutunza, na mafuta yaliyobaki

Meza ikipauka baada ya mwaka, ioshe kwa maji yenye sabuni kidogo, ikaushe siku mbili, sugua kwa 220, mkono mmoja mwembamba. Huhitaji kukwangua chochote, na hiyo ndiyo sababu nimeiacha vanishi: meza ya mafuta ikikwaruzika mahali pamoja, unapaka mahali pamoja.

Mafuta yaliyobaki usiyamwage kwenye mfereji, hata kama yametoka kwenye mmea. Yatafunga bomba vizuri kuliko yalivyofunga mbao. Yahamishie kwenye chupa ndogo ili kusiwe na hewa juu, au dumbukiza gololi safi za kioo mpaka mafuta yapande shingoni, kisha ziba. Ukifungua mwakani ukakuta utando juu, usiukoroge ndani. Utoboe pembeni, mimina yaliyo chini yake, yachuje kwa soksi ya nailoni, halafu uyajaribu kwenye kioo kabla hayajagusa mbao.